Kipaumbele ni cha Nani?

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika bonde la Ares Vallis kwenye sayari ya Mirihi, kikiwa kimezungukwa na mifuko ya hewa iliyokidundisha juu ya mawe mara nyingi kabla hakijatulia. Kilibeba kigari cha magurudumu sita, Sojourner, chenye uzito usiofika kilo 11. Picha zilipoanza kufika duniani watu walishangilia. Siku chache baadaye, chombo kikiwa kimeanza kukusanya vipimo vya hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya yenyewe. Taarifa zilizokwisha kukusanywa hazikupotea, lakini kila ilipojiwasha upya shughuli zilizobaki za siku hiyo zilisogezwa mpaka kesho yake. Magazeti yaliandika kwamba kompyuta imeelemewa, inataka kufanya mengi kwa wakati mmoja.

Haikuwa hivyo. Sababu iliyokuja kugunduliwa inastahili kufuatiliwa hata na mtu asiyejua lolote la kompyuta, kwa kuwa inagusa swali lililowahangaisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini tangu zamani: wengi wakihitaji kitu kimoja, nani apite kwanza, na haki hiyo ya kupita kwanza ni mali ya nani?

Prosesa moja hufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta inapoonekana kufanya mambo kumi, ndani ya mfumo endeshi iko sehemu inayogawa zamu: hii ikimbie kidogo, isimame, ile nayo ishike. Tuiite mgawa zamu. Katika kompyuta ya ofisini hujaribu kumridhisha kila mmoja. Katika ndege, chombo cha anga au mashine ya wagonjwa mahututi, sheria huwa kali zaidi. Kila kazi hupewa kipaumbele chake, na ya juu ikiwa tayari, ya chini husimamishwa hapo hapo, hata kama imebakiza hatua moja tu. Mfumo endeshi wa Pathfinder, VxWorks wa kampuni ya Wind River, ulifuata sheria hiyo.

Karibu na kilele palikuwa na kazi mbili zilizosimamia njia ya data, ule mkondo wa pamoja ambao vifaa vya chombo vilipitishia taarifa zao. Moja ilipanga safari za data za mzunguko unaofuata. Ya pili ilizipokea zilizofika na kuwagawia wenyewe. Mzunguko ulirudi mara 8 kila sekunde. Chini kabisa ilikuwapo kazi ya hali ya hewa, iliyoshughulikia vipimo vya joto, upepo na shinikizo la hewa, na haikuwa na haraka. Katikati zilipangwa kazi nyingine kadhaa, mawasiliano na dunia yakiwamo.

Kazi ya hali ya hewa na ile ya kugawa data zilikutana mahali pamoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na mahali pa namna hiyo hulindwa kwa kufuli. Anayetaka kupagusa hufunga, akimaliza hufungua, ili wawili wasiandike kwa pamoja wakaharibiana. Sasa tazama tukio lenyewe, ambalo lote linaingia ndani ya sehemu ya nane ya sekunde. Kazi ya hali ya hewa inachukua kufuli. Kabla haijaliachia, kazi moja ya katikati inaamka, na kwa kuwa ni ya juu kuliko hiyo, mgawa zamu anaisimamisha kazi ya hali ya hewa huku kufuli likiwa bado mkononi mwake. Kisha inaamka ile kazi kubwa ya kugawa data. Inalitaka kufuli lilelile, inalikuta limefungwa, inalala kulingojea. Mwenye kufuli hawezi kumaliza kwa sababu kazi za katikati zinaendelea kukimbia. Hizo za katikati hazina habari na kufuli wala hazina kosa: kwa vyeo zimemzidi mdogo, na mkubwa aliye juu yao amelala, hayumo tena kwenye foleni. Muda unakwisha. Kazi ya kupanga mzunguko inaamka, inakuta mwenzake hajamaliza ya mzunguko uliopita, inahukumu kwamba limetokea jambo la hatari, na inaamuru kompyuta yote ianze upya.

Wahandisi hukuita huku kupinduka kwa vipaumbele. Mkubwa amewekwa chini ya wa kati, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria.

Jambo la kushika ni kwamba orodha ya vyeo ilikuwa sahihi. Hakuna mhandisi mwenye akili timamu ambaye angeutanguliza upepo wa Mirihi mbele ya njia ya data inayokiweka chombo hai. Aristotle, katika kitabu cha 5 cha Maadili ya Nikomako, alieleza kwamba haki katika kugawa ni uwiano: kila mmoja apate kwa kadiri anavyostahili. Aliongeza kuwa watu wote hulikubali hilo, na ugomvi wao huwa juu ya kipimo cha kustahili. Wengine hupima kwa uhuru wa raia, wengine kwa mali au nasaba, wengine kwa uadilifu. Kwa kipimo cha Aristotle, kompyuta ya Pathfinder ilikuwa dola ya haki. Kila mmoja alipewa alichostahili, na dola ikaanguka.

Ufa wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika makala iliyochapishwa mwaka 1973 na C. L. Liu na James Layland, ambayo wahandisi wa mifumo ya namna hii huisoma mpaka leo. Wawili hao walionyesha kwamba kwa kazi zinazojirudia kwa vipindi maalumu, mpango bora wa vyeo visivyobadilika ni kumpa cheo cha juu yule anayerudi mara nyingi zaidi. Umuhimu haumo katika hesabu hiyo. Kazi inayorudi mara 100 kwa sekunde huitangulia inayorudi mara moja, hata kama hiyo ya pili ndiyo inayolinda uhai. Cheo kwao kilikuwa chombo cha kuhakikisha wote wanawahi miadi yao. Wakatoa hata mpaka: hata kazi ziwe nyingi kiasi gani, mradi mahitaji yao kwa jumla hayazidi takriban asilimia 69 ya muda wa prosesa, hakuna atakayechelewa. Huo ni mtazamo wa heshima kubwa, kwa kuwa unamvua mwenye cheo kiburi cha kudhani kimetokana na ubora wake. Lakini hesabu yote ilisimama juu ya sharti moja, kwamba kazi hizo hazitegemeani. Kila mmoja anakuja, anafanya lake, anaondoka, bila kungoja kitu kutoka kwa mwenzake.

Sharti hilo halikai sana katika maisha ya kweli, iwe ya mashine au ya watu.

Tatizo la kupinduka kwa vipaumbele lilikuwa limejulikana kitambo. Butler Lampson na David Redell walilieleza mwaka 1980, wakitumia uzoefu wao wa kujenga mifumo katika kampuni ya Xerox. Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha dawa pamoja na uthibitisho wake wa kihisabati. Dawa yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Mkubwa akimkuta mdogo ameshika kufuli analolihitaji, mdogo anarithishwa kipaumbele cha mkubwa papo hapo. Wa katikati hawawezi tena kumsimamisha. Anamaliza lililobaki, anafungua, kipaumbele cha kuazima kinamtoka, mkubwa anaingia.

VxWorks ilikuwa na dawa hiyo tayari, kama swichi ya kuwashwa au kuzimwa kwa kila kufuli. Katika kufuli lile ilikuwa imezimwa.

Timu ya programu ya maabara ya JPL, iliyoongozwa na Glenn Reeves, ilikuwa na nakala ya chombo hicho hapa duniani. Waliwasha rekodi ya matukio ya ndani, wakaendesha nakala kwa shughuli zile zile za Mirihi, wakangoja iharibike. Kwa simulizi iliyoenea baadaye, iliharibika alfajiri, wakati wote wamekwenda kulala isipokuwa mhandisi mmoja. Rekodi ikaonyesha nani alikuwa na kufuli, nani alilala, nani alikuwa akikimbia. Hata hivyo hawakukimbilia kuwasha swichi. Waliuliza kwanza makufuli mengine ya aina hiyo yangeathirikaje, na mfumo mzima ungepungua kasi kiasi gani, kwa kuwa kurithisha kuna gharama yake. Waliporidhika wakatuma marekebisho kwa mawimbi ya redio, safari ya zaidi ya dakika 10 kwa kasi ya mwanga. Hitilafu haikurudi. Chombo kilichokusudiwa kufanya kazi siku 30 kiliendelea mpaka mwishoni mwa Septemba.

Reeves alieleza pia kwamba dalili zilikuwa zimeonekana kabla ya kuruka. Kompyuta ilijiwasha upya mara moja au mbili katika majaribio, sababu haikupatikana, na macho ya timu yalikuwa kwenye programu ya kutua, kwa kuwa chombo kisipotua salama hakuna kingine chenye maana. Ni vigumu kuwalaumu. Waliweka vipaumbele vyao sawasawa, na jambo dogo lililoachwa chini likawa ndilo lililoshika kufuli la mambo makubwa.

Desemba mwaka huo David Wilner wa Wind River alikisimulia kisa hiki mbele ya mkutano wa wataalamu huko San Francisco, akawasifu waandishi wa ile makala ya 1990. Wote watatu walikuwamo ukumbini. Wakaombwa wasimame.

Wanazuoni wa usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, wana kanuni ambayo ingewapendeza sana watatu wale. Inasema kwamba jambo ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo huwa wajibu. Al-Ghazali aliijadili katika Al-Mustasfa mwanzoni mwa karne ya 12, na mjadala haukuishia kwake. Kwenda kisimani ni mwendo kama mwendo mwingine wowote. Hauna fadhila wala dhambi. Lakini wakati wa sala ukiingia, na sala haisihi bila tohara, mwendo ule wa kwenda kutafuta maji unavaa uzito wa sala yenyewe. Anayemzuia mtu kisimani kwa soga hamzuii kuteka maji tu. Wajibu haukai juu kileleni ukingoja kutimizwa. Unateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa kile kidogo kabisa unachokitegemea, na hapo kidogo kinakuwa kikubwa kwa muda wote kinapotegemewa.

Kanuni hii ilijibu mapema swali ambalo hesabu ya 1973 ililiweka kando: matendo yakitegemeana, cheo kinakwenda wapi? Jibu la wanazuoni na jibu la wahandisi ni moja. Kipaumbele ni cha jambo linalotakiwa kutimia, na kwa hiyo ni cha kila kiungo cha njia ya kulitimiza. Mwenye cheo hakimiliki. Anayekikalia peke yake, akidhani ni chake, analala mlangoni akisubiri huku hajui kwa nini mlango haufunguki.

Hospitali ni mahali pa kuliona hilo kwa macho. Daktari bingwa wa upasuaji yuko tayari, mgonjwa yuko mezani, na chini kabisa katika orodha ya vyeo yupo mfanyakazi wa chumba cha kutakasa vifaa. Ikiwa kila ofisa wa ngazi ya kati anaweza kumwita mfanyakazi huyo apeleke faili, abebe maboksi, afungue ghala, basi kwa saa hiyo ofisa wa kati amekuwa juu ya daktari bingwa, na hakuna aliyetia saini barua ya kumpandisha. Uongozi mzuri wa hospitali humlinda yule wa chini kwa nguvu za yule wa juu, na hufanya hivyo kabla daktari hajaanza kupiga kelele.

Hapo mtu makini anaweza kuinua mkono na kupinga. Mdogo ameheshimiwa, sawa, lakini ameheshimiwa kwa sababu mkubwa ana shida naye, na shida ikiisha heshima inavuliwa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitenga vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine. Chenye hadhi hakina mbadala, na mwanadamu yumo katika kundi hilo la pili. Kwa macho ya Kant, kipaumbele cha kurithishwa ni bei tupu. Kinamwangalia mtu kama ufunguo.

Pingamizi hilo ni zito, na njia ya uaminifu ni kulikubali. Kurithisha kipaumbele kunaponya mnyororo wa kutegemeana, basi. Hakumfikii asiye na kufuli lolote mkononi, ambaye hakuna mkubwa anayemngoja na ambaye kuchelewa kwake hakutaangusha kitu. Katika kompyuta wapo wengi wa aina hiyo. Vitabu vya wanafunzi husimulia, vyenyewe vikiita uvumi, kwamba kompyuta ya IBM 7094 ya chuo cha MIT ilipozimwa mwaka 1973 ilikutwa na kazi ya kipaumbele cha chini iliyoingizwa mwaka 1967 na ambayo haikuwahi kupata zamu. Uvumi au la, sheria kali ya vyeo inaliruhusu jambo hilo kabisa. Mdogo anaweza kungoja milele na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kumkosea.

Dini zinamjua mtu huyu. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwangukia Yesu miguuni: binti yake yu mahututi. Wanaondoka pamoja, umati ukiwasonga. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa waganga, anapenya kwa nyuma na kugusa vazi. Anapona papo hapo. Kwa mgawa zamu yeyote, shughuli yake imekwisha na safari iendelee. Lakini Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa, na wanafunzi wanashangaa, kwa kuwa umati mzima unamgusa. Anangoja mpaka mwanamke ajitokeze akitetemeka na kueleza habari yake yote. Angali anasema naye, wanafika watu kutoka nyumbani kwa Yairo kusema binti amekwisha kufa. Msomaji anajua kwamba kisa kinaendelea na msichana anainuliwa, naye ana miaka 12, sawa na miaka ya ugonjwa wa yule mwanamke. Yairo hakulijua hilo alipokuwa amesimama pale. Marko hafichi gharama. Mwenye cheo amengojeshwa kwa ajili ya mtu ambaye hakushika ufunguo wowote wa haja yake.

Qurani nayo ina sura ya 80, 'Abasa. Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akizungumza na vigogo wa Kikureshi akitumaini wasilimu, akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso na kugeuka, na sura ikateremka kumwonya juu ya hilo. Hesabu ya kawaida ilikuwa upande wa vigogo: wakikubali hao, makabila yangewafuata, na hata vipofu wengi wangenufaika. Sura inaweka mbele kipimo kingine, hali ya yule aliyekuja, kwamba amekuja kwa bidii na moyo wenye khofu. Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini, na Mtume alipata kumwachia Madina aisimamie alipokuwa safarini. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile hakuwa na chochote ambacho mkubwa yeyote alikingojea.

Visa hivi viwili havifuti vyeo. Yesu alikwenda kwa Yairo. Mtume aliendelea kuwalingania viongozi. Vinachofanya ni kuthibitisha kwamba lipo dai lisilotokana na kutegemewa, dai la mtu kwa kuwa amekuja na ana haja, na kwamba mpangilio usiolipa dai hilo nafasi yoyote una upungufu ambao urithi wa vipaumbele hauwezi kuuziba. Mwandishi wa programu anaweza kudhani hayo hayamhusu. Historia ya mfumo endeshi wa Linux inaonyesha kwamba yanamhusu sana.

Linux huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti na, ikiwa ndani ya Android, simu nyingi zilizo mifukoni mwa watu, na mabishano ya waliomjenga mgawa zamu wake yalifanyika hadharani. Kuanzia toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, mgawa zamu ulioandikwa na Ingo Molnár wa Hungaria ulijaribu kutambua ni kazi zipi zinamhudumia mtu aliyeketi mbele ya kioo. Kazi iliyolala mara nyingi ilidhaniwa inangoja mtu abonyeze kitufe, ikapandishwa. Iliyokula prosesa bila kupumzika ikashushwa. Yaani mgawa zamu alikuwa akisoma nia kutoka kwenye mwenendo. Alikosea mara nyingi, muziki ukakatika na madirisha yakaganda, na programu iliyojua kulala kwa wakati mzuri ingeweza kujipatia zaidi ya haki yake.

Aliyepinga kwa sauti kubwa alikuwa Con Kolivas, daktari wa dawa za usingizi kutoka Australia aliyejifunza kuandika programu mwenyewe. Alishikilia kwamba kubahatisha nia kuachwe na muda ugawanywe kwa haki inayoweza kuhesabiwa. Mwaka 2007 alitoa mgawa zamu wake uliojengwa juu ya wazo hilo. Muda mfupi baadaye Molnár akaandika wa kwake juu ya wazo lilelile la haki, akimtaja Kolivas, na wa Molnár ndio ulioingia katika toleo la 2.6.23 Oktoba mwaka huo. Kolivas aliacha kuchangia kiini cha Linux kwa miaka kadhaa. Inasikitisha, kwa kuwa hoja yake ilikuwa imeshinda. Na ni hoja ambayo kadhi yeyote angeitambua: hukumu za dunia hutolewa juu ya yaliyo dhahiri, na nia za watu anazijua Mwenyezi Mungu.

Mgawa zamu huo mpya ulitunza daftari. Kila kazi ilikuwa na hesabu ya muda iliokwisha kutumia, na iliyopata kidogo kuliko wenzake ndiyo iliyofuata. Vyeo havikufutwa. Viko kuanzia -20, cha juu kabisa, mpaka 19, lakini vimegeuzwa kuwa uzito. Kazi ya daraja la 0 ina uzito wa 1024; ya daraja la 19 ina 15. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na hesabu ya mkubwa hupanda polepole kiasi kwamba hurudi zamuni tena na tena. Hata hivyo 15 si sifuri. Aliye chini kabisa atafikiwa, kwa hakika inayoweza kuthibitishwa kwa kalamu. Haki hiyo haifiki alikotaka John Rawls, ambaye mwaka 1971 alidai kwamba tofauti za watu zikubaliwe tu zinapomnufaisha aliye chini kuliko wote, lakini imekwisha kuvuka mpaka muhimu, kwani aliye chini hategemei tena makombo.

Hata kazi za dharura, zile zinazoendeshwa kwa sheria kali, ziliwekewa kikomo. Kwa miaka mingi Linux haikuziruhusu, kwa kawaida, kutumia zaidi ya asilimia 95 ya kila sekunde. Asilimia 5 iliachwa kwa wengine wote. Sababu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kazi ya juu ikipata wazimu na kuanza kuzunguka bila mwisho, msimamizi wa kompyuta anayetaka kuizima huja kupitia kazi za kawaida, zile za chini. Bila asilimia zile 5 hana mlango wa kuingilia.

Urithi wenyewe uliingia katika Linux mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, kwa kazi za dharura. Katika ulimwengu wa daftari jambo ni gumu zaidi. Cheo kilipokuwa namba moja, kukirithisha kulikuwa kazi nyepesi. Sasa haki ya kazi ni mchanganyiko wa uzito, hesabu ya ilichokwisha kutumia na, tangu toleo la 6.6 la mwaka 2023, tarehe yake ya mwisho ya kuhudumiwa. Umrithishe mdogo kipi kati ya hivyo? Jibu ambalo wajenzi wa Linux wamekuwa wakilifanyia kazi miaka ya karibuni ni hili: mkubwa anayengoja kufuli asiondoke kwenye foleni. Abaki na nafasi yake, na zamu yake ikifika, muda wake autumie mwenye kufuli. Saa inayohesabiwa ni ya mkubwa, daftari linaloandikwa ni la mkubwa, na anayefanya kazi ni mdogo. Mkubwa haazimi jina lake tena. Anatoa muda wake mwenyewe, na unamgharimu.

Kuna mahali zawadi hiyo haifiki, na wanazuoni wa usuli walikwisha kupaona. Waliigawa ile kanuni yao kwa uwezo: maji yaliyo karibu ni wajibu kuyaendea, lakini kuingia kwa wakati wa sala hakumo mikononi mwa mtu, kwa hiyo hakuna anayewajibishwa kukuharakisha, na aliyekosa maji kabisa hutayamamu. Wajenzi wa Linux hukuta mpaka huohuo pale mwenye kufuli naye anapokuwa amelala akingoja diski isomwe. Muda wowote atakaopewa hautaisukuma diski. Katika hali hiyo mkubwa huondolewa kwenye foleni na kulazwa nyuma ya mdogo, wakiwa wameunganishwa, mpaka diski ijibu; mdogo akiamka, mkubwa anaamshwa naye, na nafasi yake kwenye foleni inakuwa tayari kutumiwa na yule aliyeshika kufuli.